Kiha Nacho Kipewe Saa Yake Redioni

Mtu akaaye Kalinzi, katika vilima vya kahawa na migomba vilivyo kaskazini ya mji wa Kigoma, kando ya njia iendayo Manyovu na mpakani mwa Burundi, akitamani jioni kusikia redioni sauti inayofanana na ile aliyobembelezewa na mamaye, hana budi kuitafuta stesheni ya Bujumbura. Na akiipata, atakachosikia ni Kirundi, wala si Kiha, ijapokuwa lugha hizo mbili ni za tumbo moja na msemaji wa hii humfahamu msemaji wa ile bila ya mkalimani. Stesheni za nchi yake mwenyewe, za Kigoma na za Dar es Salaam, husema naye kwa Kiswahili usiku na mchana, jambo ambalo ni la fahari na halina wa kulilalamikia. Lakini lugha ya nyumbani kwake aghalabu haisikii humo ila katika wimbo. Muradi wa makala haya ni kusema kwamba ukimya huo, uliowekwa zamani kwa nia njema na kwa sababu zenye uzito, sasa umegeuka kuwa dhara, na dhara lenyewe si la lugha tu, bali ni la uraia. Kwa kuwa lugha isiyosikika katika redio ya dola yake, ilhali ndugu yake asikika kila siku katika redio ya dola jirani, haichukui muda mrefu ila huhesabiwa kuwa lugha ya ugenini, na wenye kuisema wakahesabiwa kuwa wageni.

Yafaa msomaji wa mbali aelezwe kwanza ni watu gani wanaozungumzwa. Kiha ni lugha ya Kibantu, ndugu wa Kirundi na Kinyarwanda, isemwayo Kasulu, Kibondo, Kakonko na Buhigwe, ikashuka kwa vilima vya Kalinzi na Matyazo hata ikaugusa mwambao wa Ziwa Tanganyika. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022 mkoa wa Kigoma ulikuwa na watu 2,470,967, na walio wengi katika hao ni Waha. Atauliza mtu: lugha yenye wenyewe wengi kiasi hicho yawaje kutajwa pamoja na lugha za wachache? Jibu ni kwamba uchache wa lugha haupimwi kwa idadi ya vichwa peke yake, bali hupimwa pia kwa idadi ya mahali ambapo lugha hiyo huruhusiwa kusimama na kusema. Na Kiha, pamoja na wingi wa watu wake, hakina nafasi darasani, hakina nafasi katika karatasi za serikali, wala hakina gazeti. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika Atlasi ya Lugha za Tanzania iliyotolewa mwaka 2009, kilihesabu lugha zipatazo 150 katika nchi hii. Zilizo nyingi katika hizo zina hali iyo hiyo, na baadhi yake zina hali mbaya zaidi, maana wasemaji wake ni maelfu machache na wengi wao ni wazee.

Insafu yataka tuanze kwa kuwapa haki yao wale waliouweka ukimya huo. Kiswahili si mgeni wa juzi katika pwani hii ya ziwa. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858 waliukuta mji huo tayari ni soko la misafara ya watu wa pwani. Na Wamanyema waliovuka kutoka ng'ambo ya magharibi, wakaingia katika Uislamu na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya nyumba zao, waliufanya Ujiji kuwa mji wa Kiswahili kwa lafudhi, kwa mavazi na kwa mapishi, ingawa bahari ilikuwa mbali nao kwa mwendo wa miezi. Serikali ya Kiingereza ilipoanzisha gazeti la Mambo Leo mwaka 1923, ilipounda Kamati ya Lugha ya Kiswahili mwaka 1930 na kuikubali lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza mwaka 1951, njia ilikuwa imekwisha tengenezwa na wapagazi, wachuuzi na walimu wa chuoni. Baada ya Uhuru, Radio Tanzania, iliyowekwa chini ya serikali mwaka 1965, iliifuata njia hiyo kwa imani, ikawa ndiyo sauti moja ya nchi nzima. Na matunda yake twayaona hata leo, kwamba mwana wa Kalinzi aliyepelekwa kufundisha Newala hakuhitaji mtu wa kumfasiria, na Mmakonde aliyeletwa Kasulu kuwa polisi alioa huko, akakaa, akazikwa huko. Nchi nyingi za Afrika zinatamani neema hiyo na hazikuipata. Kwa hiyo mtu asinifahamu vibaya: kumtetea Kiha mbele ya Kiswahili si kumshitaki Kiswahili.

Lakini hekima ya zama moja si lazima iwe hekima ya zama zote. Mwaka 1965 Kiswahili kilikuwa bado chahitaji kulindwa. Waingereza walikuwa wameondoka majuzi na Kiingereza chao kimebaki katika ofisi zote, na wazee wengi wa bara walikuwa hawajakizoea Kiswahili. Leo hali ni nyingine kabisa. Mwezi wa Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka uliofuata Umoja wa Afrika ukakifanya Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Lugha iliyofika Addis Ababa na Paris kwa heshima kubwa namna hiyo haiwezi kuogopa saa moja ya Kiha kwa wiki katika stesheni ya Kigoma, na anayesema kwamba yaweza kuogopa, huyo ndiye aishushaye hadhi yake bila ya kujua.

Tuitazame sheria nayo, maana hapa pana mambo mawili yasiyopatana. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilikomesha ukiritimba wa redio ya serikali, na tangu hapo stesheni za watu binafsi, za madhehebu na za jamii zikazaliwa kila mkoa. Miaka minne baadaye, mwaka 1997, ikatoka Sera ya Utamaduni, nayo ikasema kwa uwazi kwamba wananchi wataendelea kuzitumia lugha zao za jamii na kuzionea fahari, ikahimiza uandishi wa kamusi na sarufi za lugha hizo, na ikawataka watu binafsi na mashirika ya umma wachapishe na kueneza maandiko yake. Hata hivyo kanuni za maudhui ya utangazaji, zikiwemo zile za mwaka 2018, zinaitaka kila stesheni itumie Kiswahili au Kiingereza, ila pale Mamlaka ya Mawasiliano itakapotoa idhini mahususi ya kutumia lugha nyingine. Hivyo sera yatuambia tuzionee fahari lugha zetu, na kanuni yatuambia fahari hiyo tuionee nyumbani. Na Kiingereza, ambacho bibi wa Kalinzi hakijui hata neno moja, kina ruhusa ya kutangazwa mchana kutwa kijijini kwake bila ya kuombewa idhini na mtu yeyote.

Madhara ya jambo hili yanaonekana zaidi katika mikoa ya mpakani kuliko mahali pengine, na Kigoma ni mfano wake ulio wazi. Wakimbizi wa Burundi waliingia hapa kwa mawimbi makubwa mwaka 1972, tena mwaka 1993, na tena mwaka 2015, walipofurika katika kijiji cha Kagunga, mwambaoni karibu na mpaka, hata meli ya MV Liemba ikawa ndiyo iwachukuayo kuwaleta Kigoma, ilhali kipindupindu kimekwisha kuwaingia. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilikuwa imefunguliwa tangu mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Watu wa huruma waliona mapema kwamba mkimbizi ahitaji habari kama ahitajivyo unga na dawa. Ndipo mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi likaianzisha Radio Kwizera huko Ngara, ikatangaza kwa Kiswahili, kwa Kirundi na kwa Kinyarwanda pia, ikawapa wakimbizi habari za makwao, za ndugu waliopotezana nao na za afya. Ni kazi njema iliyostahili sifa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwa kweli mwenyeji alipona kidogo, kwa kuwa Waha wengi walisikiliza na kufahamu. Lakini walisikiliza kwa mlango wa wageni. Katika nchi ileile na katika miaka ileile, mgeni alipata redio ya kusema naye kwa lugha ya mamaye, na mwenye nyumba hakupata.

Akilini mwa watu wengine wa nchi, matokeo yake yakawa nini? Mtu wa Mtwara au wa Tanga, ambaye hajapata kufika Kigoma, alikisikia Kirundi katika habari za vita, za kambi na za wahamiaji haramu. Kiha hakukisikia kabisa. Siku atakapokaa katika basi nyuma ya mama wa Kalinzi azungumzaye na binti yake, atafikiri nini ila kwamba hao ni Warundi? Naye akiwa ni mtu wa kukagua vitambulisho, hatafikiri tu, atauliza. Na wenyeji wa mkoa huu wanajua vizuri maswali yenyewe jinsi yalivyo: baba yako alizaliwa wapi, babu yako alizikwa wapi, hebu litamke neno hili tukusikie. Malalamiko juu ya maswali hayo yamefikishwa bungeni zaidi ya mara moja na wabunge wa Kigoma. Sisemi kwamba mipaka isilindwe. Nchi isiyojua nani aingia na nani atoka haina amani. Nasema kwamba lafudhi ya Muha imekuwa ushahidi dhidi yake kwa sababu nchi haikupewa kuizoea, na chombo ambacho kingeizoesha kazi hiyo hakikupewa.

Tena Burundi nayo ina mambo yake. Mwezi wa Mei 2018 serikali ya huko ilizisimamisha BBC na Sauti ya Amerika zisitangaze nchini mwake, na mwaka uliofuata BBC ikafungiwa moja kwa moja. Sina haja ya kuingia katika ugomvi wao. Ninalotaka lizingatiwe ni kwamba kila mtu wa vilima vyetu akitegemea lugha ya jirani katika kusikia jambo kwa undani, basi kiasi cha atakayoyasikia, na rangi yatakayopakwa, huamuliwa Bujumbura wala si Dodoma. Serikali ambayo ina wivu na mipaka yake ingepaswa kuwa na wivu na masikio ya watu wake pia.

Kuna upande wa maisha ya kila siku, ambao waandishi wa mijini huupita haraka. Nenda Kalinzi msimu wa kuchuma, alasiri, mahali pa kupimia kahawa. Wanawake wanafika na ndoo za kahawa mbivu kichwani, wanazimwaga juu ya turubai, wanakaa chini kuzichambua, wanatoa mbichi na zilizotobolewa na wadudu kabla mizani haijazikataa. Na mazungumzo yote ya kazi hiyo, mzaha, ugomvi wa zamu na hesabu ya madeni, yanakwenda kwa Kiha. Karani akiita jina, anaita kwa Kiswahili, nao wanamjibu kwa Kiswahili, kisha wanarejea katika Kiha kana kwamba hawakutoka. Juu ya dirisha la duka la karibu redio inasema. Bwana shamba anaeleza habari za chulebuni na kutu ya majani, namna ya kuchanganya dawa, siku za kupulizia na siku za kungoja kabla ya kuchuma. Anaeleza vizuri, kwa istilahi za chuoni, na hakuna kosa katika maneno yake. Bibi mmoja aliyekuwa akichambua alimuuliza mjukuu wake mtangazaji amesema nini. "Amesema kahawa ina ugonjwa, bibi, tupige dawa," akajibu yule kijana bila ya kuinua macho katika simu yake. Siku za kungoja hazikutajwa, kipimo hakikutajwa. Na bibi yule alikuwa akiujua ugonjwa huo tangu usichana wake, kwa jina lake la Kiha na kwa mwezi wake wa kuanza, akijua na mashamba ya bonde lipi huanza kuugua. Hiyo ni elimu ambayo bwana shamba angefurahi kuipata, lau kungekuwa na kipindi cha kuwakutanisha wawili hao. Redio inayosema kwa lugha moja tu hupeleka habari upande mmoja, wala hairudi na jibu.

Sasa tuikabili hoja kubwa ya wapinzani, nayo si hoja ya kudharauliwa. Watasema: je, mmesahau Rwanda? Redio ya RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, iliwachochea watu kuua jirani zao mwaka 1994, ikataja majina na mahali pa kujificha. Na mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa hapahapa Arusha iliwatia hatiani wakuu wake mwezi wa Disemba 2003. Watasema tena: je, hamkuiona Kenya, ambako stesheni za lugha za makabila zilienea tangu Kameme FM ilipoanza mwaka 2000, na baada ya uchaguzi wa Disemba 2007 baadhi yake zikatuhumiwa kumwaga petroli katika moto, hata mtangazaji Joshua arap Sang wa Kass FM akafikishwa The Hague? Nani mwenye akili atakayetaka kuyaleta hayo Tanzania?

Nazipokea hoja hizo kwa taadhima, na nazijibu kwa utaratibu. Ama habari ya Rwanda, yatupasa kukumbuka kwamba Wanyarwanda wote, Wahutu, Watutsi na Watwa, ni watu wa lugha moja. Hapakuwa na lugha mbili zilizogombana pale. Aliyeua na aliyeuawa walisema Kinyarwanda kimoja, tangu utotoni. Basi msiba ule, ambao hutajwa daima kuwa ushahidi kwamba wingi wa lugha huleta mgawanyiko, kwa hakika ni ushahidi kwamba umoja wa lugha peke yake hauzuii mauaji, pindi chombo kinapoachwa mikononi mwa waovu na dola ikawa upande wao. Kadhalika mwaka uleule wa 1994 BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi ili kuwaunganisha jamaa waliotawanyika. Na mwaka 1995 ikafunguliwa Studio Ijambo huko Bujumbura, ambamo waandishi wa Kihutu na wa Kitutsi walikaa meza moja, na tangu mwaka 1997 wakawa wakitoa mchezo wa redio kwa Kirundi juu ya jirani wa makabila mawili waishio pamoja. Lugha iliyotumika kuhimiza panga ndiyo iliyotumika kuhimiza suluhu.

Ama habari ya Kenya, kesi ya Sang ilikoma mwezi wa Aprili 2016 bila ya hukumu ya hatia. Lakini sitaki kujificha nyuma ya hilo, maana ni kweli kwamba yalisemwa maneno mabaya hewani katika siku zile. Kilichofanywa na Wakenya baadaye chatufundisha zaidi: hawakuzifuta lugha zao redioni, bali katika Katiba ya mwaka 2010 waliandika kwamba dola italinda wingi wa lugha za watu wa Kenya na kuziendeleza lugha za asili, na papo hapo wakaendelea kuyatia maneno ya chuki katika hukumu ya jinai. Sheria ya uchochezi ipo kwetu vilevile, na hailegei mtu anapochochea kwa Kiha. Anayechochea kwa Kiswahili fasaha naye hapati msamaha kwa ufasaha wake. Tofauti nyingine ni ya maumbile: huko stesheni hizo zilikua zikiwa ndio mlango mkuu wa habari wa watu wengi, zikamilikiwa na watu wenye jambo lao katika siasa, ilhali kinachoombwa hapa ni saa chache ndani ya stesheni ya Kiswahili, chini ya mhariri yuleyule na leseni ileile.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ithibati kwamba lugha za jamii hazivunji nchi hii. Mwaka 2001 Saida Karoli wa Kagera aliimba Maria Salome kwa Kihaya, na nchi nzima ikaucheza wimbo wake, toka Bukoba hata Lindi, wengi wao wasijue asemalo. Hakuna Mngoni aliyelalamika kwamba umoja wa taifa umetikiswa. Kabla ya hapo, Hukwe Zawose aliichukua ala ya ilimba na Kigogo chake cha Dodoma akazunguka navyo dunia, akihesabiwa na wote kuwa ni msanii wa Tanzania, si wa Ugogo peke yake. Na mwaka 2012 wanamuziki wenye asili ya Kigoma waliungana kwa jina la Kigoma All Stars wakatoa wimbo wenye jina la Kiha, Leka Dutigite, nao ukapigwa katika stesheni za nchi nzima. Zingatia kilichotokea wakati huo: vijana wa Dar es Salaam, ambao siku zote walikuwa wakiwatania Waha kwa lafudhi yao, waliyataja maneno ya Kiha kwa furaha na kwa fahari ya kushiriki. Dakika chache za wimbo ziliipa lafudhi ya Kigoma heshima ambayo miaka mingi ya mawaidha juu ya kutobaguana haikuipa. Ikiwa wimbo umeruhusiwa kuingia kwa lugha yake, ni kwa sababu gani taarifa ya chanjo, hadithi ya watoto na mahojiano na mzee wa Heru, huko Kasulu, yasiruhusiwe?

Hata hivyo sipendi kuahidi makubwa yasiyowezekana. Redio haikufundisha mtoto yeyote lugha ya mamaye, na haitafundisha. Lugha hukaa jikoni, shambani na katika matandiko ya wagonjwa, na siku wazazi watakapoacha kuisema na watoto wao, hakuna mtambo utakaoirudisha. Uingereza, ambayo shule zake katika karne ya 19 ziliwaadhibu watoto wa Wales kwa kusema lugha yao, ilikuja ikawafungulia televisheni yao wenyewe, S4C, mwezi wa Novemba 1982. Nayo imeleta kheri nyingi, lakini wenyewe watakwambia kwamba bila ya shule na bila ya nyumba, televisheni ingebaki pambo. Iliyo kazi ya redio hasa ni mbili. Ya kwanza ni kuipa lugha heshima mbele ya vijana wake, maana mtoto huipenda lugha aionayo kwa watu wenye hadhi, wala haipendi aisikiayo kwa maskini tu. Ya pili ni kuilazimisha lugha isemee mambo mapya: mikopo ya ushirika, bima ya afya, bei ya kahawa katika mnada, hukumu ya ardhi, kwani lugha inayoachiwa matanga na methali peke yake huzoea kuwa ya matanga na methali.

Yapasa kuongeza jambo lingine, ambalo Waha wenzangu huenda lisiwapendeze. Kiha ni kikubwa mbele ya jirani zake. Huko Uvinza, kwenye chemchemi za chumvi zilizovuta watu tangu enzi za kale, kuna Kivinza, ambacho Kiswahili kimekibana kwa upande mmoja na Kiha kwa upande wa pili. Na kusini mwambaoni, kuelekea milima ya Mahale, kuna Kitongwe, ambacho watu wake ni wachache. Asimame Muha kudai haki ya lugha yake mbele ya Dodoma, kisha amnyime Mvinza haki hiyohiyo mbele ya Kasulu, hatakuwa ametetea haki, atakuwa ametetea ukubwa. Saa zitakazopatikana zigawanywe kwa kuwatazama walio dhaifu zaidi kwanza, hata kama wasikilizaji wao ni wachache na mwenye matangazo ya biashara hatawajali.

Kwa hiyo ninalolipendekeza ni dogo na laweza kutendwa. Stesheni za mkoa wa Kigoma, za biashara na za jamii, ziiombe Mamlaka ya Mawasiliano idhini ambayo kanuni yenyewe imeitaja, kwa vipindi maalumu vya lugha za jamii, saa chache kwa wiki, kila kipindi kikifuatwa na muhtasari wa Kiswahili ili asiyejua lugha hiyo asijihisi ametengwa, na mkaguzi asiwe na tashwishi ya kinachosemwa. Shirika la Utangazaji la Taifa litengeneze nakala mpya za kanda za kale za ngoma na hadithi zilizorekodiwa na Radio Tanzania katika mikoa, lizitangaze pamoja na maelezo ya mahali na watu wake. Magazeti ya Kiswahili, haya tunayoyasoma, yatoe safu moja kwa mwezi kwa maandiko mafupi ya lugha za jamii pamoja na tafsiri yake. Kiha hakikosi misingi ya kuandikiwa, maana mapadre wa White Fathers walikiandika zamani, na mwaka 2004 mwanachuoni wa Ufini, Lotta Harjula, alitoa kitabu cha sarufi, matini na msamiati wake. Jambo la aibu kidogo ni kwamba mwenye kutaka kukisoma Kiha kwa utaratibu huenda akakipata kwa urahisi zaidi Ulaya kuliko Kasulu.

Katika yote hayo hakuna linalohitaji sheria mpya wala fedha nyingi. Sera imekwisha kusema tuzionee fahari lugha zetu. Kanuni imekwisha kuacha mlango wa idhini. Lililokosekana ni maombi. Wenye stesheni husema kwamba hawaombi kwa kuwa hawatapewa, na Mamlaka yaweza kujibu kwamba haitoi kwa kuwa haijaombwa. Na baina ya hao wawili mwaka unapita. Basi na iandikwe barua, itiwe saini na wenye stesheni, wazee wa Kalinzi, Kasulu na Uvinza, na madiwani wa halmashauri zao. Ikikubaliwa, kazi iliyobaki ni ya watangazaji kuifanya vizuri. Ikikataliwa, Mamlaka itoe sababu zake kwa maandishi, ili tuzijadili hadharani, kwa Kiswahili.